Swali la mzazi: binti yetu anasomea kompyuta kwa vipande vya rangi, je tunapoteza ada?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Mwezi uliopita tulipokea swali kutoka kwa mama mmoja wa Pemba. Nitalieleza kwa maneno yangu, maana barua yenyewe ilikuwa na mambo ya ndani ya nyumba ambayo si ya kuanikwa. Binti yake alimaliza kidato cha nne, akapata nafasi ya kusomea kompyuta katika chuo kimoja hapa Unguja. Wazee wake wakauza ng'ombe mmoja na karafuu walizokuwa wameziweka, wakalipa ada ya muhula wa kwanza. Baada ya wiki nne binti akaenda nyumbani kwa mapumziko na akawaonesha kazi aliyoifanya: paka wa rangi ya chungwa anatembea kwenye kioo, na anachomtembezea ni vipande vya rangi vilivyopangwa juu kwa juu, mithili ya vibao wanavyochezea watoto wa chekechea. Baba akauliza: hiki ndicho tulichouzia ng'ombe? Kisha akaongeza jambo la dini, kwamba kuchora kiumbe chenye roho kuna makatazo. Amesema ada ya muhula wa pili hailipi na mtoto arejee nyumbani. Mama anatuuliza: kusoma namna hii ni kusoma kweli? Na yule paka, sheria inasemaje?

Nakiri kwamba swali hili lingenifikia miaka mitatu nyuma, huenda ningekuwa upande wa baba. Kilichonigeuza ni safari ya Tabora, kwa hiyo mniwie radhi nianzie huko.

Nilikwenda Tabora kwa ndoa ya jamaa zetu. Wasomaji wengi wa Unguja wanajua kwamba udugu wa visiwani na Tabora si wa leo. Pale Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani waliweka makaazi yao katika karne ya 19, na njia ya misafara ikawa ikitoka Bagamoyo, inapita Ugogo na nyika kavu ya Mgunda Mkali, inafika Tabora, na kutoka hapo inateremka hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Mwingereza Richard Burton alipofuata njia hiyo mwaka 1857, alitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh. Mimi nilipanda treni Dar es Salaam, kwa reli ambayo ilifika Tabora mwaka 1912, na bado nilishuka nikilalamika mgongo.

Mwenyeji wangu ana kijana anayesomesha kompyuta katika skuli moja ya sekondari pale mjini. Siku ya pili baada ya walima akaniambia, "Shehe, njoo darasani kwangu uone watoto wanavyosafirisha msafara." Nilidhani ni somo la historia. Nikafika, nikakuta kompyuta nne kuukuu, hazina intaneti, na kila moja imezungukwa na wanafunzi wanane au tisa. Juu ya kioo kulikuwa na ramani waliyoichora wenyewe: bahari upande wa kulia, Bagamoyo, Ugogo, Tabora katikati, Ujiji upande wa kushoto, na nyuma yake ziwa na kipande cha Kongo. Na pale Bagamoyo palisimama bendera ndogo nyekundu.

Programu waliyokuwa wakiitumia inaitwa Scratch, hiyo hiyo anayoitumia binti wa Pemba. Katika lugha za kawaida za kompyuta mwanafunzi huandika amri kwa maneno, herufi kwa herufi. Katika lugha hizi za vipande, amri zote zimeshaandikwa, kila moja ndani ya kipande chake chenye rangi na umbo, na mwanafunzi anakivuta kwa kipanya na kukipachika chini ya chenzake. Vipande vya mwendo ni vya buluu, vya matukio ni vya manjano, vya hesabu na ulinganishi ni vya kijani. Kila umbo lina maana yake. Kipande cha kuanzia kina mgongo wa mviringo, hukuti pahala pa kupachika kitu juu yake, kwa kuwa hakuna kinachotangulia mwanzo. Kipande chenye pengo la pembe sita hakipokei ila sharti, yaani jambo ambalo ni kweli au si kweli. Ukikipa namba kinaikataa, haiingii. Na programu nzima huanza pale unapobofya bendera ya kijani iliyoko juu ya kioo.

Mwalimu yule aliwaambia wanafunzi wake kwamba hata msafara wa wazee wao ulianza kwa bendera. Mbele alikuwa kirangozi, na misafara ya watu wa pwani ilipeperusha bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Ikiinuliwa bendera na likilia baragumu, wapagazi wanatwika mizigo. Kwa hiyo wale watoto hawakuhitaji kuelezwa kwa Kiingereza nini maana ya tukio linaloanzisha programu. Bendera imeinuliwa, msafara unaondoka, basi.

Kundi nililokaa nalo lilikuwa limepanga hivi: bendera ikibofywa, nenda Bagamoyo; kisha, ndani ya kipande cha kurudia, sogea kidogo kushoto, ngoja kidogo, ongeza siku moja. Kazi hiyo ya kurudiarudia wataalamu huiita kitanzi. Wakabofya. Bendera nyekundu ikaondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Haikusimama. Ikaingia ziwani, ikavuka maji yote, ikatokea Kongo na kuganda kwenye ukingo wa kioo huku hesabu ya siku ikiendelea kupanda: 300, 400, 500. Darasa zima likacheka. Mmoja akasema kirangozi kalala usingizi.

Mwalimu hakuwaambia kosa liko wapi. Alikaa kimya, akawa anafuta miwani yake. Msichana mmoja aliyekuwa nyuma, aliyekuwa bado hajashika kipanya hata mara moja, akasogea na kusema, "Mwalimu, hiki kipande hakina mlango wa kutokea." Nikatazama, na kweli. Kipande walichokitumia ni kile cha kurudia milele, na chini yake ni bapa, hakina pachiko la kushikia kipande kingine. Walikuwa wametaka kupachika maneno "tumefika Ujiji" chini yake, wakashindwa, wakadhani kompyuta ni mbovu. Msichana akakiondoa, akaweka kile cha kurudia mpaka sharti litimie, na sharti lenyewe ni kufika Ujiji. Safari hii bendera ilisimama ufukweni.

Wasomaji, msichana yule alikuwa amejifunza moja ya mambo mazito katika elimu ya kompyuta: kila kitanzi lazima kiwe na sharti la kukikatisha, au mwenye kukiandika awe amekusudia kwamba kisikatike. Wapo wanafunzi wa chuo kikuu wanaokosea hapo hapo. Tofauti ni kwamba anayeandika kwa maneno, akikosea hivyo, aghlabu huona kioo kimeganda tu na hajui kwa nini. Hawa waliona msafara umetumbukia ziwani.

Kulikuwa na somo la pili siku ile. Katika programu unaweza kutengeneza sanduku la kuhifadhia hesabu inayobadilika. Kiswahili cha wataalamu ni kigeu. Kundi la pili lilikuwa na kigeu cha posho, kwani pagazi alikuwa akipewa kibaba cha nafaka kwa siku, na kigeu cha mizigo. Kila siku posho inapungua. Wakabofya bendera, na kufika Mgunda Mkali posho ilikuwa sifuri, kisha ikawa chini ya sifuri, na wapagazi wanaendelea kutembea kama hawana matumbo. Ilibidi waongeze: kama posho imekwisha, simama, vinginevyo, endelea. Hilo nalo ni sharti.

Kisha kijana mmoja akauliza swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa na orodha ya mizigo: vitambaa vya merikani na shanga kwenda bara, pembe za ndovu kurudi pwani. Akauliza, "Na watumwa, niwaweke kwenye kigeu cha mizigo?" Darasa likanyamaza. Mimi mgeni kutoka Unguja nilitazama chini, kwa sababu sote tunajua njia ile ilipitisha nini na soko lilikuwa wapi. Wako wa kwetu waliokuwa na fungu katika biashara ile na hakuna haja ya kulifunika. Mwalimu akamjibu, "Kompyuta itakubali ukiwaweka. Haitakuuliza. Wewe ndiye unayeamua nini kinahesabiwa na kwa jina gani." Yule kijana akafikiri, akatengeneza kigeu kingine, akakiita watu.

Nilipotoka pale nilikuwa na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo, na nikakumbuka yangu mwenyewe. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulikulia katika nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na marufuku hiyo ilichukua miaka kulegezwa. Mara ya kwanza kugusa kompyuta nilikuwa mtu mzima, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kulikuwa na somo la hiari la kuandika programu. Zoezi la kwanza lilikuwa kujumlisha namba mbili. Nilikaa nalo usiku mmoja na nusu. Mashine ilinijibu kwa Kiingereza kwamba kuna kosa katika mstari fulani, na mstari huo nilipoutazama haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mstari wa juu yake, nilikuwa nimesahau alama moja ya nukta na mkato. Nikaliacha somo. Kwa miaka zaidi ya ishirini nikawaambia watu kwamba akili yangu si ya kompyuta. Kumbe sikuwahi hata kufika kwenye kompyuta yenyewe, niliishia mlangoni kwenye alama za uandishi.

Hapo ndipo faida ya vipande ilipo. Mwanafunzi anayeanza hubebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja: kufikiri kwa utaratibu, na kuandika kwa lugha ngeni yenye alama zisizosamehe. Kwa mtoto wetu kuna mzigo wa tatu, nao ni Kiingereza. Vipande vinautua mzigo wa alama, kwani umbo lenyewe halikuruhusu kukosea namna ile. Na Scratch ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Unafungua orodha ya lugha, unachagua, na vipande vinabadilika. Unaobaki ni mzigo wa kufikiri, na huo haupunguzwi hata chembe. Msafara utatumbukia ziwani vile vile kama hukufikiri.

Njia hii si ya jana. Mwaka 1967 Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake huko Marekani walitengeneza lugha iitwayo Logo, ambayo baadaye ikajulikana sana kwa kobe anayechora mistari kwa amri za watoto. Ile ilikuwa bado ya kuandika. Scratch ilitolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, na inatolewa bure. Zipo nyingine za jamii hiyo: App Inventor ya kutengenezea programu za simu, na Snap, inayotumika katika somo la utangulizi huko chuo kikuu cha Berkeley. Na kwa baba anayedhani haya ni ya chekechea tu: somo la utangulizi wa kompyuta la chuo kikuu cha Harvard, linalojulikana kwa jina la CS50, huanza na Scratch, kisha wanafunzi wanahamia lugha ya C, ambayo ni ngumu kwelikweli. Sisemi kwamba la Harvard ni hoja ya kisheria. Nasema tu kwamba chuo cha binti yako hakikuzua.

Je, utafiti unasemaje? Watafiti wawili wa Marekani, David Weintrop na Uri Wilensky, waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari. Kwa wiki tano kundi moja lilisoma kwa vipande na jingine kwa maandishi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017, waliosoma kwa vipande walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi katika mtihani na walikuwa na hamu zaidi ya kuendelea na masomo ya kompyuta. Baadaye makundi yote mawili yakahamia lugha ya Java, inayoandikwa. Baada ya wiki kumi tofauti ya ufahamu baina yao ilikuwa imetoweka.

Matokeo haya ya mwisho watetezi wa vipande hawapendi kuyataja, na wapinzani nao hawayataji. Kwangu mimi yana faida kwa pande zote. Aliyeanza na vipande hakumpita mwenzake mwishoni, lakini pia hakuchelewa. Kwa hiyo hofu ya baba kwamba wiki hizi zimepotea haina msingi. Na atakayekwambia kwamba vipande vinamfanya mtoto mhandisi, naye usimsikilize. Faida yake kubwa ni kwamba mwanafunzi anabaki darasani. Mimi nilitoka.

Niliporudi Unguja nilijaribu jambo. Nina darasa la faraidh, hesabu za mirathi, jioni baada ya Alasiri. Vijana wanahifadhi mafungu vizuri lakini wakipewa mas'ala ya kweli wanababaika. Nikaazima kompyuta mbili, kijana mmoja wa chuo kikuu akatusaidia, tukaanza kupanga mirathi kwa vipande. Wala si jambo geni katika dini yetu. Neno algoriti, linalomaanisha utaratibu wa hatua za kutatua jambo, limetokana na jina la al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha al-jabr, ambacho kwacho ulimwengu ulipata jina la aljebra, kina sehemu ndefu mwishoni kuhusu wasia na mirathi.

Fungu la mke ni mfano safi wa sharti: kama marehemu ana mtoto, mke anapata 1/8, vinginevyo, 1/4. La mume: kama marehemu ana mtoto, 1/4, vinginevyo, 1/2. Vijana wangu walilipanga hilo kwa nusu saa. Wakafurahi, wakataka kuendelea. Nikawapa mas'ala: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, hana mtoto wala mzazi. Programu ikatoa: mume 1/2, dada wawili 2/3. Wakapiga makofi. Nikawaambia wajumlishe. Nusu ni 3/6, theluthi mbili ni 4/6, jumla 7/6. Wamegawa zaidi ya mali iliyopo na mashine haikushtuka, kama ambavyo haikushtuka kwa wale wapagazi wa Tabora waliotembea na posho ya chini ya sifuri. Pale ndipo walipoielewa aul, ambayo masahaba waliamua kwayo katika zama za Sayyidna Umar (r.a.): mali inagawiwa mafungu 7, mume 3 na dada hao 4. Nimesomesha aul miaka mingi kwa ubao na chaki, na sijawahi kuona nyuso zikibadilika kama jioni ile. Kijana mmoja akapachika kipande cha kukagua: kama jumla imezidi 1, basi punguza kwa uwiano.

Nitahadharishe hapo hapo: programu ya wanafunzi si ya kugawia mirathi ya watu. Mwenye mirathi aende kwa Kadhi.

Nirudi kwa paka, kwa sababu baba ana haki ya kujibiwa na si vyema kumdharau kwa kuuliza. Makatazo ya kutengeneza picha za viumbe vyenye roho yamethibiti katika hadithi sahihi, na wanazuoni wamekhitalifiana katika mipaka yake: lenye kivuli na lisilokuwa nacho, la mkono na la mashine, linalotukuzwa na linalodharauliwa. Imethibiti pia kwa Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake akicheza nao na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, na katika mapokezi ya Abu Dawud yumo farasi mwenye mbawa. Ibn Hajar amemnukuu Qadhi Iyadh kwamba jamhuri ya wanazuoni wameruhusu wanasesere kwa watoto kwa kuwa ndani yake mna mafunzo. Wapo wa zama zetu wanaozipitisha kwa njia hiyo picha za kufundishia. Lakini binti wa kidato cha nne si mtoto mdogo, na sitaki kuivuta ruhusa ya watoto kwa nguvu mpaka imfikie. Mwenye kuchukua rai nyepesi ana wanazuoni nyuma yake, na mwenye kujihadhari pia anao.

Isipokuwa katika jambo hili hatuhitaji hata kufika huko. Yule paka si sehemu ya elimu. Anakuja pale programu inapofunguliwa, na anafutwa kwa kubofya mara moja. Mahali pake unaweza kuweka mpira, gari, umbo la duara, au ukachora jahazi. Wale watoto wa Tabora walitembeza bendera siku nzima na hawakumhitaji paka. Vipande vya ala za muziki navyo ni nyongeza, asiyeviongeza havimo. Kwa hiyo mama, mwambie binti amfute paka, atembeze ngalawa kutoka Mkoani hadi Malindi, na mwalimu wake hatompunguzia hata alama moja, maana kinachosahihishwa ni mpangilio wa vipande.

Ninalolihofia mimi zaidi ya paka ni tovuti ya Scratch, ambapo watu wa dunia nzima huwekeana kazi zao na kuandikiana. Wasimamizi wapo, lakini ni mahali pa wageni. Kwa wadogo zao nyumbani, tumieni programu inayopakiwa ndani ya kompyuta na kufanya kazi bila intaneti.

Lipo pia la kumuuliza mwalimu wa chuo, na baba ndiye wa kuuliza kwa adabu: wiki ya ngapi mtawatoa kwenye vipande? Stashahada si mahali pa kukaa na vipande mwaka mzima. Wiki chache zinatosha, kisha waandike kwa maneno, katika Python au nyingineyo, na ni vizuri kazi ile ile waliyoipanga kwa vipande waiandike tena kwa maandishi ili waone kwamba ni fikra ile ile imevaa nguo nyingine. Akikujibu hajui ni lini, hapo una haki ya kuwa na wasiwasi na ada yako. Akikutajia wiki, muache mtoto asome.

Na kabla ya kuamua, baba akae na binti yake jioni moja. Ampe mas'ala ya mume na dada wawili, amwambie ayapange kwa vipande. Kama hatofika kwenye 7/6 mwenyewe, amsaidie. Ada ya muhula wa pili, kwa mujibu wa barua, mwisho wake ni mwishoni mwa mwezi huu, kwa hiyo wakati upo lakini si mwingi.

Wallahu a'lam.